Mlinzi wa dungu asiyelala

Kila mwaka mpunga ukishaingia ghalani, mabenchi ya wagonjwa huku Bonde la Kilombero hujaa watu wazima walioshika viuno. Wakati wa kilimo hawakupata nafasi ya kuugua. Julai iliyopita alikuja mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Idete, na bahasha ya picha ya eksirei iliyochakaa pembe zote kwa kushikwashikwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa taratibu kwa upande mmoja, mkono ukiwa bado umeng'ang'ania ukingo wa meza. Kabla sijauliza kitu alifungua fundo kwenye pembe ya kanga, akamwaga vidonge mezani: diklofenaki, paracetamoli, vidogo vyeupe visivyo na jina, na vingine vya rangi ya waridi vilivyofungwa kwa karatasi ya daftari la shule. Akasema, "Mwanangu, wameniambia pingili zimesagika. Dawa nimekunywa miaka mitatu. Nataka kujua jambo moja tu: bado naweza kulima?"

Safu hii ni jibu refu la swali hilo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa sehemu kubwa ya maumivu sugu ya mgongo, magoti, mabega na shingo ninayokutana nayo katika kazi yangu ya mazoezi tiba, kidonge ni msaidizi wa siku chache. Tiba yenyewe ni maarifa juu ya maumivu, mwendo unaopimwa, usingizi, mikono ya kukanda, na watu wa kuzungumza nao. Hivi vyote vinapaswa kutangulia, na vipewe uzito uleule tunaoipa sindano. Leo mgonjwa wetu huanzia kwenye kidonge, huendelea na kidonge, na hufika kwenye mazoezi pale tumbo linapokuwa limeshatoboka.

Shirika la Afya Duniani husema maumivu ni sugu yakidumu au yakirudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Mgongo ndio unaoongoza. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiishi na maumivu ya kiuno, na makadirio ni kwamba watafika milioni 843 mwaka 2050. Hakuna ugonjwa mwingine unaowapunguzia binadamu uwezo wa kufanya kazi kwa kiwango hicho. Kwa mtu wa ofisini hiyo maana yake ni siku za ruhusa. Kwa mkulima wa Mngeta au Mbingu ni ekari isiyopaliliwa, na ekari isiyopaliliwa ni ada ya mtoto isiyolipwa.

Tuanze na swali la msingi: maumivu ni nini? Mji wetu wa Ifakara ni mahali pazuri pa kujibu, kwa sababu tuna kituo cha Nazareti, ambako watu walioathirika na ukoma wamehudumiwa kwa miaka mingi. Vimelea vya ukoma hushambulia mishipa ya fahamu, na mguu ukishakufa ganzi haumwambii mwenyewe kwamba amekanyaga msumari. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko India tangu miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vingi vya wagonjwa hao vilipotea kwa majeraha na moto ambao hawakuusikia. Anayetamani kuishi bila kusikia maumivu kabisa na aifikirie miguu hiyo. Tumepewa maumivu yawe mlinzi wa mwili.

Shida huanza mlinzi anapobadilika. Watu wa bonde hili wanalijua dungu. Mpunga ukikaribia kukomaa, familia nyingi huhamia mashambani, na mmoja wao hupanda juu ya dungu: mchana kuamia ndege, usiku kufukuza nguruwe pori na viboko. Mlinzi mzuri hupiga debe nguruwe anapokuja na hunyamaza akishaondoka. Sasa mfikirie mlinzi ambaye usiku mmoja kundi la nguruwe lilimkuta amesinzia, likamaliza robo ya shamba. Tangu siku hiyo hapati usingizi. Panya akipita, anapiga debe. Upepo ukitikisa majani, anapiga debe. Wiki ya tatu anapiga hata kukiwa kimya. Shamba ni salama, lakini familia nzima haifumbi macho. Nguruwe alishaondoka, aliyebadilika ni mlinzi.

Mishipa ya fahamu hufanya vivyo hivyo. Kwenye ngozi, misuli na viungo kuna ncha za mishipa zinazohisi joto, mgandamizo na kemikali za uvimbe. Habari zao hupanda hadi kwenye uti wa mgongo, kisha ubongoni, na ni ubongo unaozipima na kuamua kama zigeuke maumivu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambalo hufunguka au kufunga kutegemea habari nyingine zinazopita hapo. Ndiyo maana ukijigonga ugoko, mkono huenda wenyewe kusugua: mguso unasaidia kulifunga lango. Ubongo nao hutuma amri za kushuka, za kulegeza au kukaza. Mchezaji anaweza kumaliza dakika 90 na kidole kilichovunjika, akaanza kulia baada ya kipenga. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha, kwa uchunguzi wa wanyama, kwamba baada ya jeraha seli za uti wa mgongo zenyewe hubadilika na kuanza kuitikia hata mguso mdogo usiokuwa na madhara. Yule mlinzi wa dungu anayepigia debe panya ana seli zake ndani ya uti wa mgongo, na zinapimika.

Nini humfanya mlinzi awe mkali zaidi? Kukosa usingizi, woga, msiba na deni. Huku kwetu wamama wengi hukopa mikopo ya kausha damu kununua mbegu na kulipa vibarua, na marejesho ni kila wiki, mpunga ukiwa bado haujachanua. Mtu anayesikia pikipiki ya mkopeshaji inapunguza mwendo mlangoni mwake, misuli yake hukaza na usingizi hukatika. Mgongo wake unauma zaidi wiki hiyo, na unauma kweli. Daktari au nesi asimwambie kwamba anajifanyisha, au kwamba maumivu yake ni ya mawazo tu. Mawazo huathiri mishipa ileile inayobeba maumivu.

Ukishaelewa hapo, utaelewa kwa nini kidonge kinachoka. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza kemikali za uvimbe pale palipoumia. Kwa lugha ya dungu, humfukuza nguruwe. Mguu ukiteguka jana, dawa hiyo ina kazi ya kufanya. Lakini kama nguruwe aliondoka miaka miwili iliyopita na anayepiga debe ni mlinzi, dawa inatafuta kitu ambacho hakipo. Mgonjwa anaongeza dozi, na madhara yanaingia: vidonda vya tumbo, shinikizo la damu, figo kuumia. Mkulima anayetoka jasho tangu alfajiri bila kunywa maji ya kutosha yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya figo. Vile vidonge vidogo visivyo na jina vinanitisha zaidi, maana huwezi kujua kama ndani yake kuna steroidi, ambayo humfanya mtu ajisikie amepona kwa wiki moja huku ikidhoofisha mifupa na kupandisha sukari.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyotokana na ugonjwa mwingine. Lilipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama kuchua, na tiba za kisaikolojia. Dawa za jamii ya diklofenaki zimo pia kwenye orodha ya vinavyoweza kutumika. Lakini dawa za jamii ya afyuni, kama tramadoli, shirika lilishauri zisitumike kwa tatizo hili. Steroidi hazikupendekezwa, wala mikanda ya kiuno, wala kuvutwa mgongo kwa mashine au uzito. Linganisha orodha hiyo na kile mgonjwa wa kawaida anachopata huku: dawa ya kumeza, sindano, na mkanda wa mgongo alioununua kwa fedha ya magunia mawili. Vilivyopendekezwa mwanzo hapewi, na baadhi ya anavyopewa haviko kwenye mapendekezo.

Sasa nijibu mambo ninayoyasikia kila wiki. La kwanza ni lile la yule mama: pingili zimesagika. Neno hilo limelaza watu wengi kitandani. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Waleed Brinjikji walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walikuwa na sahani za pingili zilizoanza kuchakaa. Kati ya wenye miaka 80, asilimia 96. Hawa wote walikuwa wazima, hawaumwi. Uchakavu wa pingili ni kama mvi: unaonyesha umri, hauonyeshi ugonjwa. Mgonjwa akisoma kwenye karatasi kwamba mgongo wake umesagika, anaanza kuinama kwa woga, anaacha kubeba mjukuu, misuli inalegea, na maumivu yanaongezeka. Wenzangu tunaoandika ripoti hizo tujifunze kumweleza mgonjwa alichonacho kwa maneno yasiyomvunja.

La pili ni ute wa magoti. Mtu akiambiwa ute umekauka, jirani anamshauri ale bamia kwa wingi kwa sababu bamia huteleza. Bamia ni mboga nzuri na ninaila. Lakini utelezi wake huishia kwenye njia ya chakula. Hakuna njia inayoupeleka gotini. Kinacholilisha goti ni kutembezwa. Gegedu la goti halina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye majimaji ya kiungo, na majimaji hayo husukumwa goti linapokunjwa na kunyooshwa. Goti lililopumzishwa miezi sita limenyimwa chakula miezi sita.

La tatu ni la wakulima wenyewe, na ni hoja nzito: "Mtaalamu, mimi natembea kilomita 8 kwenda shamba, naanza kulima saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Mazoezi gani tena unanipa?" Namwelewa. Jibu langu ni kwamba kupandikiza miche ya mpunga kutwa nzima ni kuinama kwa namna moja, kwa misuli ileile, bila ruhusa ya kupumzika, huku masika yakikukimbiza. Mazoezi tiba hubadilisha mikao, huanza na kidogo, na kasi anaishika mgonjwa mwenyewe. Mlinzi wa dungu hatulizwi kwa kukemewa. Hutulizwa kwa kuonyeshwa, usiku hadi usiku, kwamba panya hali shamba. Kila mara mgonjwa anapoinama kidogo na hakuna baya linalotokea, mishipa yake inajifunza upya.

La nne linahusu tiba asili, kwa sababu wengi wakisikia "tiba isiyo ya vidonge" hudhani nawapeleka kwa mganga. Tiba asili inatambuliwa kisheria nchini. Ipo sheria ya mwaka 2002 na baraza lake, na Muhimbili ina taasisi ya utafiti wake iliyoanza mwaka 1974. Mimi natazama kila tendo peke yake. Kukanda kwa maji ya moto, kama wanavyokandwa wazazi waliojifungua, kunalegeza misuli na ninakuhimiza. Kuchua kwa mafuta kumo kwenye mapendekezo niliyotaja. Hata dawa ya kupaka yenye pilipili imo, ingawa ushahidi wake bado ni dhaifu, na sisemi uchukue pilipili kichaa mbichi uisugue mgongoni. Kuchanjwa chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine, au kupigwa chuku kwa pembe isiyosafishwa, nakataa kabisa, kwa sababu virusi vya UKIMWI na homa ya ini hupita hapohapo. Na unga usio na lebo, uwe wa mganga au wa mwenye duka, usiumeze.

Basi mtu afanye nini? Yule mama wa Idete tulianza na ngwe. Wakulima wanajua ngwe ni kile kipande cha shamba unachojipimia kwa siku. Nilimuuliza anaweza kupalilia kiasi gani kabla maumivu hayajapanda, akasema nusu ya ngwe yake ya zamani. Tukakubaliana robo. Robo, kisha anasimama, anajinyoosha nyuma mara kumi mikono ikiwa kiunoni, anakunywa maji, anatembea hadi ukingo wa jaruba na kurudi, ndipo anaanza robo ya pili. Asisubiri maumivu yamsimamishe. Na siku anayojisikia mzima sana asimalize shamba lote, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoanguka: siku njema hufanya kazi ya siku tatu, kisha hulala siku nne. Kila wiki, kama mambo yametulia, anaongeza hatua kumi za jembe. Ni utaratibu wa kuchosha kwa mtu aliyezoea kushindana na shamba, na aliniambia hivyo waziwazi. Lakini aliufuata.

Pili, kutembea kwa ajili ya kutembea, bila ndoo kichwani wala mzigo. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa Australia uliofuatilia watu wazima 701 waliokuwa wametoka kuumwa kiuno. Walioelekezwa kutembea hatua kwa hatua, wakisaidiwa na mtaalamu wa mazoezi tiba, walikaa kwa wastani wa siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Mwendo huo hauhitaji kifaa wala ada. Jioni jua likishuka, barabara ya kwenda Lipangalala au tuta la Tazara lina nafasi ya kutosha kwa wawili wanaotembea wakizungumza.

Tatu, usingizi na pumzi. Mtu anayelala saa nne kwa usiku anamwongezea mlinzi wake woga. Nawaelekeza wagonjwa wavute pumzi ya tumbo polepole, mkono mmoja juu ya kitovu, wakitoa hewa kwa muda mrefu kuliko wanavyoivuta, dakika kumi kabla ya kulala. Wengine huunganisha na sala au uradi wao, na hufanya vizuri zaidi kwa sababu tayari wana mazoea ya kutulia. Chandarua kizuri nacho ni sehemu ya tiba hii. Hakuna anayelala na mbu wa Kilombero masikioni.

Nne, mazungumzo. Zimbabwe, Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kusikiliza wenye sonona kwa utaratibu maalumu; utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa. Ule ulikuwa utafiti wa sonona, lakini sonona na maumivu sugu hutembea pamoja, na njia ile inatufaa. Tuna vikundi vya vikoba, tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna madrasa. Kikundi cha wamama ishirini kinachokutana kila Jumatano kuweka hisa kinaweza kutumia nusu saa ya kwanza kujinyoosha pamoja na kuulizana hali. Mgonjwa anayefanya mazoezi peke yake chumbani huacha wiki ya pili. Anayefanya na wenzake huendelea, kwa sababu asipofika ataulizwa.

Tano, zana. Bonde hili limeshaona kilimo shadidi cha mpunga, ambacho wakulima wengi walifundishwa upande wa Mngeta: miche hupandwa kwa mistari, na palizi hufanywa kwa kipalizi cha kusukuma, mtu akiwa amesimama wima. Kilipoletwa kilisifiwa kwa mavuno. Mimi nakisifia kwa migongo. Mpini wa jembe ulioongezwa urefu nao humpunguzia mtu pembe ya kuinama. Afisa ugani na mtaalamu wa mazoezi tiba wakikaa meza moja siku moja tu kwa msimu, wataokoa viuno vingi kuliko duka zima la dawa.

Ninapoandika haya simwambii mtu yeyote atupe dawa zake. Mwenye saratani anayehitaji mofini apewe mofini, tena kwa wakati. Mwenye seli mundu asiache kliniki yake. Na zipo dalili ambazo ukiziona hutakiwi kungoja wala kujaribu mazoezi: mkojo au haja kubwa kutoka bila kujijua au mkojo kuziba, ganzi sehemu za siri, miguu kuishiwa nguvu, homa na jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, au maumivu mapya kwa mtu aliyewahi kuugua saratani. Huku kwetu kifua kikuu huingia hadi kwenye pingili za mgongo, na homa ya brusela kutoka kwenye maziwa yasiyochemshwa huumiza viungo na kiuno kwa miezi. Hizo zina dawa zake, na kuchelewa ni kupooza. Kazi ya kwanza ya mtaalamu ni kuhakikisha nguruwe kweli hayupo kabla ya kuanza kumtuliza mlinzi.

Kwa wanaopanga huduma, nina mambo matatu. Kwanza, elimu ya maumivu ipewe wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao Januari 2024; wanafika hadi kwenye vibanda vya mashambani ambako sisi hatufiki. Siku mbili za mafunzo zinatosha kuwafundisha dalili za hatari, mazoezi matano ya msingi, na maneno ya kumwambia mtu aliyeogopeshwa na picha ya eksirei. Pili, wataalamu wa mazoezi tiba washushwe hadi vituo vya afya. Chuo cha KCMC na vyuo vingine vinawafundisha, lakini ajira zao huishia kwenye hospitali kubwa za mijini, na mgonjwa wa Mlimba hawezi kupanda treni kila wiki kufuata zoezi la nusu saa. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mlango wa kuamua kitita cha huduma kina nini ndani. Huduma za utengamao ziwemo tangu mwanzo. Bima inayolipia diklofenaki ya mwaka mzima na kukataa vipindi sita vya mazoezi inanunua vidonda vya tumbo.

Wapo watakaosema watu wetu hawatakubali kuondoka hospitalini mikono mitupu. Wanataka sindano ndipo waamini wametibiwa. Bonde hili lina jibu lake lenyewe. Mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu, vikatangazwa vijijini, vikawekwa kwenye maduka ya kawaida. Wakati ule nako kulikuwa na waliosema watu hawatalala chini ya kitambaa chenye dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kulala kwenye vyandarua hivyo kulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Watu wa hapa walibadili mazoea ya usiku kwa sababu walielezwa kwa lugha yao, kwa uvumilivu, na wakaona faida. Australia nako, jimbo la Victoria, kampeni ya matangazo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliyowaambia watu wasilale kwa sababu ya mgongo ilibadili imani za wananchi na hata za madaktari. Tunayo redio ya Pambazuko FM hapa Ifakara. Dakika kumi kwa wiki, wakati wa palizi, zingeanzisha kazi hiyo.

Yule mama alirudi Oktoba. Maumivu hayajaisha, na sikumwahidi kwamba yataisha. Analala usiku. Vidonge vya karatasi ya daftari ameviacha, diklofenaki anameza siku moja moja. Alikuwa anajiandaa kuanza kusafisha shamba kabla ya mvua, nusu ekari badala ya ekari moja na nusu, nyingine kampa mwanawe. Swali lake nililijibu siku ile ya kwanza, na nakujibu wewe uliyelibeba hadi mwisho wa safu hii: ndiyo, bado unaweza kulima. Kesho asubuhi pima ngwe yako, igawe mara nne, maliza robo ya kwanza, kisha simama unyooke.